Kodi, Risiti na Notisi: Haki na Wajibu wa Mwenye Nyumba na Mpangaji

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Wanafunzi walisikilize kwanza, kisha walisome tena darasani pamoja na mwalimu wao.

MANENO YA KUSOMA KWANZA

Mwalimu ayaandike maneno haya ubaoni kabla ya somo kuanza.

Mpangaji: mtu anayekaa, au anayefanya biashara, katika nyumba ya mtu mwingine kwa kulipa.
Mwenye nyumba: mtu anayempa mwingine nyumba au chumba ili alipwe.
Kodi ya nyumba: fedha anazolipa mpangaji, mara nyingi kila mwezi.
Dipoziti: fedha anazoweka mpangaji siku ya kuingia, ambazo hurudishwa akitoka bila deni wala uharibifu.
Risiti: karatasi ya kuonyesha kwamba fedha zimepokewa.
Notisi: barua ya kumwarifu mtu mapema kwamba upangaji utakwisha au utabadilishwa.

SOMO LENYEWE

Natumaini kila darasa limekwisha kaa, taa imewashwa, na madaftari yamefunguliwa. Leo sitawafundisha herufi mpya. Herufi zote mnazijua sasa. Leo tutazitumia katika jambo linalowagusa karibu watu wote wanaokaa mjini, nalo ni nyumba ya kupanga.

Kila mmoja wetu amepata kusikia ubishi huu katika ploti. Mpangaji asema, "Mwezi wa tatu nimekulipa, nilikupa mkononi pale mlangoni." Mwenye nyumba ajibu, "Hujanilipa hata senti." Majirani hutoka nje kusikiliza. Huyu anaapa, na yule anaapa. Je, nani asadikiwe? Huenda wote wawili wanaamini wanayosema, maana binadamu husahau. Lakini risiti haisahau. Basi jambo kubwa la somo letu la leo ni hili: katika mambo ya nyumba sheria huwapa watu wote wawili haki, na huwapa muda, lakini haki hiyo huonekana kwa maandishi, na muda huo hupita hata kama karatasi haijasomwa.

Nitaeleza sheria za Kenya. Wasikilizaji walio katika nchi jirani wajue kwamba sheria zao ni nyingine, ingawa shauri la kuweka risiti linafaa kila mahali. Tena, somo hili ni la kukupa mwanga tu. Ukiwa na kesi yako mwenyewe, itakubidi umwone mtu wa sheria. Mwishoni nitawaambia pa kwenda.

1. Nyumba yako iko chini ya sheria gani?

Watu wengi hudhani kwamba iko sheria moja tu ya nyumba zote. Sivyo. Ziko sheria tatu ambazo yafaa uzijue, na lazima kwanza ujue yako ni ipi.

Ya kwanza ni sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo. Ilitungwa mwaka 1959, nayo ni Sura ya 296 ya Sheria za Kenya. Sheria hii inahusu nyumba za kukaa watu ambazo kodi yake ya kisheria haipiti shilingi 2,500 kwa mwezi. Kama nyumba ilikuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981, kodi ya siku ile ndiyo iliyochukuliwa kuwa kodi ya kisheria. Kama haikuwa imepangishwa, Baraza la Kodi lina uwezo wa kuipima na kuikadiria. Kiwango hicho cha shilingi 2,500 hakikupanda pamoja na bei za vitu, na kwa sababu hiyo nyumba nyingi za mjini zimetoka nje ya sheria hii. Lakini vyumba vya mabati na vya udongo, ambavyo watu wa kipato kidogo hukaa, vingi bado vimo ndani yake.

Ya pili ni sheria ya maduka, mahoteli na nyumba za kuuzia chakula. Ilitungwa mwaka 1965, nayo ni Sura ya 301. Hii inamlinda mwenye duka na mwenye hoteli ndogo, nayo ina baraza lake peke yake.

Ya tatu ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Hii ndiyo inayoshika nyumba nyingine ambazo hazimo katika zile mbili za kwanza. Mathalani, ukipanga nyumba ya kukaa kwa shilingi 9,000 kwa mwezi, tazama mkataba wako kwanza, kisha Sheria ya Ardhi. Mashauri yake husikizwa na mahakama, si na Baraza la Kodi.

Wasikilizaji wa Mombasa wataniuliza juu ya zile nyumba ambazo kuta ni za mtu mmoja na ardhi ni ya mtu mwingine. Huko mwenye nyumba mwenyewe ni mpangaji wa kiwanja. Hilo ni jambo kubwa, linataka somo la peke yake.

2. Siku ya kuingia

Kabla hujabeba kitanda chako, fanya mambo manne.

Kwanza, uliza kodi ni kiasi gani, hulipwa tarehe gani, na ndani yake mna nini. Je, maji yamo? Taka, umeme na mlinzi, nani hulipa?

Pili, taka mkataba ulioandikwa. Hata ukurasa mmoja wa daftari watosha, ikiwa una majina ya watu wawili, namba ya chumba, kodi, dipoziti, tarehe, na sahihi za wote wawili. Soma kila mstari kabla ya kutia sahihi. Kama umeandikwa kwa Kiingereza na hukielewi, usione haya. Sema, "Nipe mpaka kesho, nikasomewe." Mtu mwema hatakataa.

Tatu, tembea chumbani pamoja na mwenye nyumba au mwangalizi wake. Andikeni mliyoyaona: kioo kimoja kimevunjika, kitasa hakifungi, bati moja linavuja. Orodha hiyo itawaokoa wote wawili siku ya kutoka. Mwenye nyumba hataweza kukudai kioo ambacho hukukivunja, na wewe hutaweza kusema mlango ulioung'oa ulikuwa umeng'oka tangu zamani.

Nne, ukitoa dipoziti, risiti yake iandikwe neno "dipoziti". Fedha za kodi na fedha za dipoziti zisichanganywe katika hesabu moja. Katika nyumba zilizo chini ya Sura ya 296, mwenye nyumba haruhusiwi kudai fedha za ziada, mbali na kodi, eti kwa sababu amekupa chumba.

3. Kodi na risiti

Wajibu wa kwanza wa mpangaji ni kulipa kodi yote, kwa siku iliyokubaliwa. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, kazi ikipatikana au isipatikane, kodi ni deni. Ukijua utachelewa, nenda kamwambie mwenye nyumba kabla ya siku kufika. Mkikubaliana ulipe kwa mafungu, andikeni.

Wajibu wa mwenye nyumba ni kutoa risiti kila anapopokea fedha. Kwa maduka na mahoteli, Sura ya 301 inasema wazi kwamba mwenye nyumba lazima aweke kitabu cha kodi, na ampe mpangaji nakala yake. Ndani yake huandikwa majina, mahali penyewe, malipo yote ya kodi, na matengenezo yote yaliyofanywa.

Siku hizi wengi hulipa kwa simu. Hiyo ni njia nzuri, maana ujumbe huonyesha jina, kiasi, tarehe na saa. Lakini simu hupotea, na ujumbe hufutika. Basi siku ile ile unayolipa, andika katika daftari lako namba ya ujumbe, kiasi, na mwezi unaoulipia. Daftari lenyewe liwe na safu nne, namna hii:

Tarehe ya kulipa: 2 Mei
Kodi ya mwezi: Mei
Kiasi: shilingi 2,300
Namba ya risiti au ya ujumbe: (andika hapa)

Kazi hii huchukua dakika mbili kila mwezi. Kwa mwaka mzima ni dakika 24. Ubishi wa mlangoni huchukua muda zaidi ya huo, tena huvunja ujirani.

Neno moja kwa wenye nyumba. Neno "kodi" lina maana mbili, na msizichanganye: iko kodi ya nyumba mnayopokea, na iko kodi ya serikali mnayotoa. Tangu Januari 2024, mtu anayepokea kodi za nyumba za kukaa zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka, mpaka shilingi milioni 15, hutozwa na serikali shilingi 7 na senti 50 katika kila shilingi 100. Shilingi 288,000 kwa mwaka ni shilingi 24,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba asiyeandika mapokezi yake hajui yuko upande gani wa mstari huo.

4. Nani atengeneze?

Hapa ugomvi ni mwingi, na sheria imegawa kazi vizuri. Chini ya Sheria ya Ardhi, mtu akipangisha nyumba au chumba cha kukaa, anachukuliwa kuwa ameahidi, hata kama hakuandika, kwamba mahali hapo panafaa kukaa binadamu siku ya kuingia, na kwamba pataendelea kufaa. Ikiwa amepangisha sehemu ya jengo, paa, kuta za nje, mitaro mikubwa, na njia zinazotumiwa na wote ni juu yake. Ameahidi pia kumwacha mpangaji akae kwa amani, maadamu analipa kodi na kutimiza wajibu wake.

Mpangaji naye ameahidi kutunza nyumba ibaki katika hali nzuri. Uchakavu wa kawaida, kama rangi kufifia kwa miaka, si kosa lake. Lakini mtoto akivunja kioo kwa mpira, au choo kikizibwa kwa matambara, hayo ni juu yake. Tena hana ruhusa kumpangisha mtu mwingine chumba hicho mpaka mwenye nyumba amekubali kwa maandishi.

Paa likivuja, usikae kimya miezi sita kisha ukakataa kulipa kodi. Hiyo ndiyo njia ya kujitia makosani. Andika barua fupi, utie tarehe, na uweke nakala: "Bati la upande wa mlango linavuja tangu tarehe 4. Naomba litengenezwe." Barua hiyo ina maneno yasiyofika kumi na tano. Mbele ya baraza au mahakama ina nguvu kuliko kelele za mwaka mzima.

5. Notisi, na jinsi ya kuhesabu siku

Sasa tumefika mahali penye hatari. Chukueni kalamu.

Tuseme unakaa katika nyumba iliyo chini ya Sheria ya Ardhi, unalipa mwezi kwa mwezi, na hamkuandika popote upangaji utakwisha lini wala notisi ni ya muda gani. Sheria yasema upangaji huo ni wa mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba akitaka uondoke, au wewe ukitaka kuondoka, lazima anayetaka atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja. Tena notisi hiyo iishie siku ambayo kodi hulipwa.

Tufanye hesabu. Kodi yako hulipwa tarehe 1. Umepewa notisi tarehe 10 Mei. Je, mwezi mmoja utakwisha lini? Tarehe 10 Juni. Lakini tarehe 10 Juni si siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Julai. Basi notisi hiyo haiwezi kwisha kabla ya tarehe 1 Julai. Mtu akikuambia "mwisho wa wiki hii uwe umetoka", sasa unajua kwamba amekosea hesabu.

Sheria hii inakushika na wewe pia. Ukiamka siku moja, ukabeba mali yako na kuondoka bila notisi, umemvunjia mwenye nyumba haki yake, naye anaweza kukudai kodi ya muda wa notisi. Kama mkataba wenu umetaja muda mwingine, soma mkataba.

Na kama nyumba yako iko chini ya Sura ya 296, notisi peke yake haitoshi kukutoa. Lazima ipatikane amri, nayo hutolewa kwa sababu zilizotajwa na sheria. Baadhi yake ni hizi: kodi halali haikulipwa, mpangaji anawasumbua majirani au anatumia nyumba kwa kazi isiyo halali, amepangisha mtu mwingine bila idhini, yeye mwenyewe alitoa notisi ya kuhama, au mwenye nyumba anaihitaji nyumba akae mwenyewe au jamaa yake wa karibu.

6. Mama mwenye hoteli na karatasi ya Kiingereza

Sasa tuangalie maduka na mahoteli. Nitatoa mfano. Tuseme yuko mama mmoja anayeuza chai na chapati katika chumba cha kupanga karibu na stendi ya magari. Amekaa hapo miaka saba, na wateja wake wanamjua. Hana mkataba ulioandikwa. Siku moja, tarehe 3 Machi, kijana anamletea karatasi ya Kiingereza. Mama anaikunja, anaiweka juu ya kabati la vikombe, na anaendelea kukanda unga.

Je, mama huyu analindwa? Ndiyo. Upangaji wa duka au hoteli ambao haukuandikwa uko chini ya Sura ya 301. Hata ulioandikwa wa miaka isiyozidi mitano unalindwa. Lakini nyumba inayopangishwa na serikali haimo katika ulinzi huu.

Analindwa namna gani? Mwenye nyumba akitaka kumtoa, au kupandisha kodi, au kubadili masharti yamwie mabaya, lazima atumie notisi ya fomu maalumu. Kikaratasi kilichoandikwa "hama kufikia Jumamosi" si notisi. Lazima notisi itaje sababu. Lazima imtake mpangaji ajibu kwa maandishi, katika muda wa mwezi mmoja, kama anakubali au hakubali. Na haiwezi kuanza kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu alipoipokea.

Sababu nazo zimetajwa. Miongoni mwake ni hizi: mpangaji ameshindwa kulipa kodi miezi miwili baada ya siku yake, au huchelewa mara kwa mara, ameharibu nyumba, amevunja masharti makubwa, mwenye nyumba anataka kubomoa au kujenga upya, au anapahitaji atumie mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja.

Tuhesabu siku za mama huyu. Amepokea notisi tarehe 3 Machi. Majibu yake ya maandishi yafike kabla ya tarehe 3 Aprili. Notisi haiwezi kuanza kazi kabla ya tarehe 3 Mei. Na akitaka kuipinga, lazima apeleke shauri mbele ya baraza kabla ya siku ya notisi kuanza kazi.

Lakini karatasi iko juu ya kabati la vikombe. Tarehe 3 Aprili inapita. Tarehe 3 Mei inafika. Hapo sheria husema hivi: ikiwa notisi ni halali, na mpangaji hakujibu wala hakwenda mbele ya baraza, notisi itafanya kazi. Mama atapoteza mahali pake, labda penye kesi ambayo angeshinda. Kilichomtoa hotelini ni ule ukimya wake wa miezi miwili, wala sheria haikumnyima kitu.

Mabibi na mabwana, hii ndiyo sababu ya somo la leo. Karatasi yoyote inayohusu nyumba yako isilale usiku mmoja bila kusomwa. Kwanza andika juu yake tarehe uliyoipokea. Pili, ilete darasani au mpelekee mtu anayesoma Kiingereza, jioni ile ile. Tatu, tia alama katika kalenda siku ya mwisho ya kujibu. Ukifanya hayo matatu, umekwisha pata nusu ya ulinzi wako.

7. Kufuli, mlango na mabati

Yuko mwenye nyumba ambaye, kodi ikichelewa, hutia kufuli yake juu ya kufuli ya mpangaji. Mwingine hung'oa mlango. Mwingine hupanda juu na kuondoa mabati, watoto wamo ndani na mvua inakuja. Mwingine hukata maji.

Hayo si njia ya sheria. Chini ya Sheria ya Ardhi, ikiwa mtu yumo ndani ya nyumba, mwenye nyumba anayetaka kumwondoa kwa sababu amevunja masharti hana budi kwenda mahakamani. Na chini ya Sura ya 296, mwenye nyumba anayemsumbua mpangaji makusudi ili ahame, au ili alipe kodi kubwa zaidi, ametenda kosa na aweza kushtakiwa.

Je, aweza kuchukua mali ya mpangaji kwa ajili ya deni? Iko sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi, lakini kazi hiyo haifanywi na mwenye nyumba, wala mlinzi wake, wala vijana wa mtaani. Hufanywa na mnadi mwenye leseni, kwa karatasi na orodha ya vitu. Na katika nyumba zilizo chini ya Sura ya 296, lazima Baraza la Kodi litoe ruhusa kwanza. Mtu akija kuchukua mashine yako ya kushona, mwulize kwa adabu: "Leseni yako iko wapi? Orodha iko wapi?" Andika jina lake, usipigane.

Lakini tusimwonee mwenye nyumba. Si kila mwenye nyumba ni tajiri. Wako wajane wenye vyumba vinne tu, ambao kodi ya vyumba hivyo ndiyo chakula chao na dawa yao. Mpangaji akikaa miezi mitano bila kulipa, kisha akatoka usiku na balbu na kitasa, amemnyang'anya mzee riziki yake. Mjane huyo naye ana haki, na njia yake ni hii: aandike madai akitaja miezi na kiasi, atoe notisi inayostahili, kisha aende mahali panapohusika. Akiwa na kitabu chake cha kodi mkononi, shauri lake ni jepesi. Akishika kufuli na nyundo, yeye mwenye haki ndiye atakayegeuka mshtakiwa.

8. Pa kwenda

Mkianza na mazungumzo, ni vizuri. Mzee wa mtaa au chifu aweza kuwasuluhisha, lakini hana uwezo wa kumtoa mtu nyumbani.

Nyumba ya kukaa ya kodi isiyopita shilingi 2,500: nenda mbele ya Baraza la Kodi. Duka au hoteli: nenda mbele ya baraza la nyumba za biashara. Nyumba nyingine: nenda mahakamani. Kama unadai fedha tu, mathalani dipoziti ambayo hukurudishiwa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021. Husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka imalize kesi katika siku 60.

Usiogope kwa sababu ya lugha. Katiba ya mwaka 2010 imeifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na kama huna fedha za wakili, iko huduma ya serikali ya msaada wa sheria, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Tena liko shirika la Kituo cha Sheria, ambalo tangu mwaka 1973 limekuwa likiwasaidia watu wasio na uwezo.

Popote utakapokwenda, utaulizwa swali moja kwanza: "Una maandishi gani?" Natumaini baada ya leo kila mmoja wenu atakuwa na jibu.



YA KUKUMBUKA

Lipa kodi kwa siku yake, na usiondoke bila risiti.
Dipoziti iandikwe peke yake.
Uharibifu utolewe habari kwa barua yenye tarehe.
Notisi isomwe siku ile ile, na siku zihesabiwe.
Asiyejibu notisi halali ya duka au hoteli hupoteza.
Mtu aliye ndani hatolewi kwa kufuli, hutolewa kwa amri.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kodi hulipwa tarehe 5. Hakuna mkataba ulioandikwa, na nyumba iko chini ya Sheria ya Ardhi. Mpangaji amepewa notisi tarehe 20 Agosti. Notisi inaweza kwisha tarehe gani?

2. Mwenye duka amepokea notisi ya fomu maalumu tarehe 12 Juni. Ajibu kabla ya tarehe gani? Notisi haiwezi kuanza kazi kabla ya tarehe gani?

3. Mpangaji amekataa kulipa kodi kwa sababu paa linavuja, lakini hakupata kumwarifu mwenye nyumba. Je, amefanya vema? Mngemshauri nini?

4. Mjane mwenye vyumba vinne anadai kodi ya miezi mitano. Afanye nini kwanza, na asifanye nini?

KAZI YA KUANDIKA

Kila mwanafunzi aandike katika daftari lake risiti moja na barua moja fupi. Risiti iwe na tarehe, jina la mlipaji, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, mwezi unaolipiwa, na sahihi ya mpokeaji. Barua iwe ya kumwarifu mwenye nyumba juu ya jambo moja linalohitaji kutengenezwa. Wale ambao ni wenye nyumba waandike barua ya kumkumbusha mpangaji kodi ya mwezi mmoja, kwa maneno ya heshima. Mwalimu azisahihishe, na kila mtu aende nazo nyumbani aziweke pamoja na karatasi zake za nyumba.